Uwekezaji kwenye nyuzinyuzi za poliesta Tanzania: tuanzie kwenye gesi, chupa au viwanda vya kusokota?

Mtaimbo_wa_Uzi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna andiko liko jikoni kuhusu namna ya kuvutia mitaji kwenye utengenezaji wa nyuzinyuzi za poliesta hapa nchini. Kabla halijaenda mbali nataka lipigwe msasa na watu wanaoijua kazi.

Hoja yenyewe inaeleweka. Pamba yetu nyingi inaondoka ikiwa marobota, haijasokotwa. Wakati huohuo dunia imehamia poliesta: mwaka 2023 ilikuwa karibu asilimia 57 ya nyuzinyuzi zote zilizozalishwa duniani, pamba ikiwa karibu asilimia 20. Vitambaa vya sare za shule, mashuka, blanketi, pamba bandia ya kujaza mito, vingi tunaagiza.

Mezani kuna mapendekezo matatu. La kwanza, kiwanda kikubwa cha poliesta kitakachotumia gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay kama malighafi. La pili, kupandisha ushuru wa nyuzinyuzi zinazotoka nje ili mwekezaji alindwe. La tatu, msamaha wa kodi ya mapato kwa miaka 10.

Naomba wa viwandani na wa forodha waseme lipi lina mashiko, kiwanda kiwe cha ukubwa gani, na ni nini hasa humkwamisha mwekezaji akishafika.

---

Reakta_B

Pendekezo la kwanza liondoe lote, maana gesi yetu haina kile kinachotafutwa.

Gesi ya Songo Songo ni kavu, karibu asilimia 97 ni methani. Poliesta inatengenezwa kwa vitu viwili: asidi ya tereftaliki, ambayo sokoni huitwa PTA, na glaikoli ya ethilini, MEG. Kilo moja ya poliesta inakula takriban kilo 0.86 za PTA na kilo 0.34 za MEG. PTA inatokana na paraksilini, na paraksilini inatoka kwenye nafta ya mtambo wa kusafisha mafuta ghafi. MEG inatoka kwenye ethilini, yaani ethani au nafta. China wanapata MEG hata kwa makaa ya mawe, kwa hiyo methani nayo kinadharia ingefika huko kwa njia ndefu. Lakini hata ukiifika umetatua sehemu ndogo ya mzigo. PTA bado unaingoja bandarini.

Halafu kuna ukubwa. Mtambo wa kisasa wa kupolimisha mfululizo, yaani kuunganisha PTA na MEG kuwa poliesta bila kusimama, unatoa tani 600 kwa siku, kama tani 200,000 kwa mwaka. Bei ya poliesta duniani inapangwa na mitambo ya namna hiyo, imejengwa ubavuni mwa mitambo ya PTA. Wewe ukijenga wa tani 50 kwa siku unaolishwa PTA ya meli, gharama zako kwa kila kilo ziko juu tangu siku ya kuwasha, na hakuna kivutio cha kodi kitakachoziba pengo hilo.

Gesi ina kazi yake, lakini ni ya moto. Kupasha mafuta ya mtambo, boila, vikaushio, mashine za kunyoosha kitambaa kwa joto. Kiwanda kilicho karibu na bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam kina nafuu ya kweli hapo. Liandike hivyo: gesi kama nishati ya joto, kwa mkataba wa bei unaojulikana.

Na kwa kuwa lazima mtu atauliza kuhusu viskosi na miti ya Sao Hill: viskosi si sintetiki, ni selulosi iliyoyeyushwa ikarudishwa kuwa uzi. Inataka rojo maalumu la mbao, safi kuliko la karatasi. Kule Umkomaas, Afrika Kusini, rojo hilo linatengenezwa kwa mikaratusi kwa wingi mkubwa na bado linauzwa nje kwenda kusokotwa kwingine. Hatua ya kusokota inatumia disalfaidi ya kaboni, sumu inayoshambulia neva za wafanyakazi. Usiichanganye na andiko hili.

---

ChengaSafi

Naunga mkono. Mlango unaoingilika ni poliesta ya chupa, yaani PET, plastiki ya chupa za maji na soda, ambayo ni poliesta ileile. Nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo maandiko mengi yanaandika "urejelezaji" halafu yanahamia aya nyingine.

Chukua laini ya tani 30 za nyuzinyuzi fupi kwa siku. Robota la chupa linapofunguliwa, ukitoa vizibo, lebo, mchanga, maji na chupa zisizo za PET, unabaki na kama asilimia 75 ya uzito. Kwa hiyo tani 30 za nyuzinyuzi zinataka kama tani 31 za chengachenga safi (chupa zilizosagwa na kuoshwa), na hizo zinataka kama tani 42 za marobota. Kwa chupa ndogo, ambazo PET yake ni kama gramu 20, hizo ni zaidi ya chupa milioni moja na nusu, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa sababu mtambo wa kuyeyusha hauzimwi wikiendi.

Swali la kwanza la mwekezaji makini ni hilo, wala si kodi. Chupa zisizobanwa zina uzito wa kilo 20 hadi 35 tu kwa mita ya ujazo, hivyo lori linalotoka Mbeya limebeba hewa. Zikibanwa robota zinapita kilo 250. Kivutio cha maana kuliko msamaha wa miaka 10 ni mashine za kubana zikae Mwanza, Dodoma, Arusha, Mbeya, karibu na waokota chupa.

Sasa mtambo wenyewe. Chupa zinachambuliwa, zinasagwa, zinaoshwa kwa maji ya nyuzi joto 85 hadi 90 yenye kostiki soda asilimia 2 hivi ili gundi ya lebo iachie. Kwenye beseni PET inazama, vizibo vinaelea, unavienga. Suuza mpaka kostiki iishe, kamua, kausha. Halafu kuna ukaushaji wa pili ambao watu wanaudharau: chengachenga zinakaa saa 8 hadi 10 kwenye pipa la ombwe kwa nyuzi joto 140 hadi 160 mpaka unyevu ushuke chini ya sehemu 100 kwa milioni. PET ikiyeyushwa ikiwa na unyevu, maji yanakata minyororo ya molekuli, ujiuji unakuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa, na nyuzi zinakatika palepale zinapotoka kwenye bamba la matundu. Opereta anapandisha joto akidhani imeganda, anazidi kuharibu.

Adui wa pili ni PVC. Lebo chache za PVC ndani ya tani nzima zinatosha. PVC inaungua kwenye joto la PET, nyuzi joto 275 hadi 290, inatoa asidi ya haidrokloriki, nyuzi zinakuwa njano zenye madoa meusi, na asidi inatafuna chuma cha mtambo. Kwa hiyo andiko liguse na wenye viwanda vya vinywaji: lebo zisiwe za PVC, na chupa za rangi zipungue. Chupa ya kijani inatoa nyuzinyuzi ya kijani, huwezi kuiuza kwa msokotaji wa shati jeupe.

Baada ya kuyeyuka kuna chujio la mikroni 20 hadi 25, pampu ya gia, bamba la matundu, hewa baridi, mafuta ya kulainisha. Kisha vifungu vinavutwa mara tatu hadi nne kwenye maji ya moto, vinatiwa mikunjo, vinakaushwa, vinakatwa. Milimita 38 kwa wanaosokota pamoja na pamba, milimita 64 kwa kujaza mito na magodoro.

Ushauri wangu: laini ya kwanza iwe ya nyuzinyuzi nene, denieri 7 na 15 (denieri ni kipimo cha unene wa uzi, ikiwa kubwa uzi ni mnene), yenye uwazi katikati, kwa ajili ya mito, sofa, blanketi na vitambaa visivyofumwa. Nene inavumilia chengachenga zenye kasoro ndogo. Denieri 1.4 ya kusokotea haivumilii. Anayeanza na 1.4 anatumia mwaka mzima akiuza daraja la pili.

---

Kichwa5503

Nigusie ushuru.

Ngazi ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni malighafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 kuna bendi ya 35 ambayo nguo nyingi zimewekwa humo. Kanga, vikoi na vitenge viko kwenye orodha ya bidhaa nyeti, asilimia 50. Nyuzinyuzi fupi za poliesta, kichwa 55.03, ziko ngazi ya malighafi. Ziache hapo. Ukizipandisha umemkaba msokotaji, ambaye ndiye mteja pekee wa kiwanda unachotaka kukivutia. Naye hatanunua za ndani kwa bei ya juu. Ataacha kusokota na kuagiza uzi au kitambaa.

India wamelipitia hili kwa uchungu. Kwa miaka mingi kodi yao ya bidhaa na huduma kwenye sintetiki ilikuwa kichwa chini: nyuzinyuzi asilimia 18, uzi 12, kitambaa 5. Mfumaji alilipa kodi kubwa kwenye malighafi kuliko aliyokusanya kwenye mauzo, mtaji wake ukawa umelala serikalini ukingoja marejesho. Walirekebisha Septemba 2025, nyuzinyuzi na uzi vikashuka hadi 5. Kabla ya hapo, Februari 2020, walifuta ushuru wa kuzuia PTA ya nje inayouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu ulikuwa unawalinda watengenezaji wachache wa PTA na kuwaumiza wote walioko chini yao. Yaani nchi yenye PTA yake imeona kwamba kulinda juu kunaua chini. Sisi tusio na PTA tusianze na kosa hilo.

Kwetu mtego uko kwenye VAT. Sheria za fedha za miaka ya karibuni zimeweka VAT ya asilimia sifuri kwa nguo zinazotengenezwa nchini kwa pamba iliyolimwa nchini. Nia njema. Lakini kitambaa cha sare, poliesta 65 na pamba 35, kiko upande gani? Mwekezaji akiambiwa "tutaona", ataweka asilimia 18 kwenye hesabu zake, na mradi utakufa kwenye karatasi. Andiko lidai tafsiri ya maandishi kutoka TRA kuhusu vitambaa mchanganyiko, na kama ikibidi, maneno ya sheria yabadilishwe.

La mwisho: tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel unataka idhini ya nchi inayopokea kabla ya taka za plastiki zilizochanganyika au chafu kuvushwa mpaka. Anayepanga kulisha mtambo wa Dar kwa chupa za Lubumbashi au Bujumbura aliweke hilo kwenye ratiba.

---

Pwani_Kenya

Hapa Kenya shida hiyohiyo, na nyongeza moja. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022 inamtaka mtengenezaji awajibike kwa vifungashio vyake hata baada ya mteja kuvitupa. Inasaidia ukusanyaji, lakini chupa safi ikishapatikana inagombewa: kuna anayetaka kuirudisha kuwa chupa, na kuna msafirishaji wa chengachenga kwenda nje anayelipa kwa dola. Mwenye mtambo wa nyuzinyuzi huwa wa mwisho kwenye foleni. Kwa hiyo mkiandika kivutio, kifungeni kwenye tani za nyuzinyuzi zilizouzwa ndani. Mkikitoa kwa tani za chupa zilizokusanywa, mtakuwa mmemlipia msafirishaji nauli.

---

Mtaimbo_wa_Uzi (mleta mada)

Shukrani sana. Gesi nimeifuta na ushuru wa 55.03 nimeuacha sifuri. Sasa upande wa mnunuzi: viwanda vya kusokota tulivyonavyo vitameza tani 30 kwa siku? Na vinaweza kubadili kutoka pamba tupu kwenda mchanganyiko bila kununua mashine upya?

---

Spindeli_30

Hesabu iko hivi. Spindeli moja, yaani kijiti cha mashine kinachozunguka na kusokota uzi, ikisokota uzi namba 30 (namba ni kipimo cha wembamba) wa mchanganyiko, mizunguko 16,000 kwa dakika, inatoa kama gramu 175 kwa zamu ya saa 8. Kiwanda cha spindeli 20,000 kikikimbia zamu tatu kinatoa tani 10 na ushee za uzi kwa siku. Poliesta asilimia 65 ya hapo ni kama tani 6.8. Kwa hiyo laini moja ya tani 30 ingetaka spindeli karibu 88,000 zote zisokote mchanganyiko huo, mchana na usiku. Ndiyo maana ChengaSafi yuko sahihi kusema waanze na ya kujazia: msokotaji peke yake hatoshi kuibeba laini.

Kuhusu mashine, za kusokota zinabadilika kwa gharama ndogo. Poliesta ya milimita 38 inapita kwenye mashine za pamba ukipanua nafasi kati ya rola, ukabadili waya za mashine ya kuchana, na ukachanganya kwenye mashine ya kunyoosha mikanda badala ya kuchanganya marobota mwanzoni. Kinachosumbua ni umemetuli. Pamba inapenda hewa yenye unyevu. Poliesta haishiki unyevu, hewa ikikauka nyuzi zinasukumana, mikanda inafura, zinajiviringisha kwenye rola. Weka unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60 na mafuta sahihi ya kulainisha. Dodoma au Shinyanga mwezi wa nane, bila mtambo wa hewa unaofanya kazi, husokoti poliesta.

Gharama kubwa iko kwenye rangi, na hapa ndipo mradi unaweza kunasa. Pamba inatiwa rangi kwa nyuzi joto 60 kwenye mashine ya wazi. Poliesta inataka rangi ya aina nyingine kabisa, inayoingia kwa nyuzi joto 130, ndani ya chombo cha mgandamizo. Kiwanda chetu cha kawaida cha kanga na vitenge hakina chombo hicho. Ukifuma kitambaa cha 65 kwa 35 ukakitia rangi ya pamba tu, unapata kitambaa chenye vinyunyu: pamba imeshika rangi, poliesta imebaki nyeupe. Kwa hiyo kivutio cha kuagiza mitambo kitaje wazi mashine za kutia rangi za mgandamizo na mashine za kunyoosha kwa joto la nyuzi 180 hadi 200. Zisipotajwa, nyuzinyuzi zitatengenezwa na kitambaa cha sare kitaendelea kuagizwa.

Kanga iacheni pamba. Mama anajifunga, anabebea mtoto, anafutia jasho. Poliesta hainywi jasho. Soko la poliesta ni sare, mashuka ya hospitali, ovaroli, mapazia.

Na jihadharini na anayesema "tuagize POY tuitie mikunjo hapa." POY ni uzi uliovutwa nusu, nao unazeeka. Ukikaa wiki sita ndani ya kontena la moto Bahari ya Hindi, koni za nje na za ndani zinavutika tofauti, na kitambaa kinatoka na mistari ya rangi. Bora waagize vipande vya plastiki na kuvisokota hapahapa.

---

Volti_na_Riba

Pendekezo la tatu, msamaha wa miaka 10. Halina uzito mnaoupa. Kiwanda cha namna hii mara nyingi hakina faida ya kutozwa miaka yake ya mwanzo, kwa sababu ya riba na uchakavu wa mitambo. Kumsamehe mtu kodi ya faida ambayo hana si kumpa kitu. Atakayefaidi ni mwenye biashara ya haraka, anayepata faida mwaka wa kwanza na kuondoka wa kumi na moja.

Mambo mawili yana thamani zaidi.

Umeme. Laini ya tani 30 pamoja na uoshaji inataka kama megawati 2, na kinachohitajika ni umeme usioyumba. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, uzalishaji si kikwazo tena; kikwazo ni waya wa mwisho. Volti ikishuka kwa nusu sekunde, pampu ya gia inasimama. Plastiki iliyoyeyuka inabaki kwenye nyuzi joto 280 bila kutembea, inaungua, inageuka kaboni. Kuwasha upya ni kusafisha, kubadili mabamba ya matundu, na saa kadhaa za uchafu unaoenda kwenye taka. Genereta haiokoi: inachukua sekunde kadhaa kushika, pampu imeshasimama zamani. Kwa hiyo kivutio kiwe laini yake ya kilovolti 33 kutoka kituo kidogo, isiyogawana na mtaa, na mkataba wenye fidia volti ikitoka nje ya kiwango. Mwenye mtambo naye aweke betri za kushikilia pampu na vidhibiti kwa dakika chache.

Mtaji wa mzunguko. Chupa zinanunuliwa kwa taslimu, kila siku, kwa watu wanaohitaji kula jioni hiyo. Mteja wa blanketi analipa baada ya siku 60. Siku 60 kwa tani 42 ni tani 2,520 za chupa ambazo umeshazilipia na hujaziona pesa zake, kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 hivi. Hapo ndipo viwanda hivi vinakufa, vikiwa na oda mkononi. Dhamana ya serikali kwa mkopo wa malighafi na marejesho ya VAT yanayotoka kwa wakati ni bora kuliko likizo ya kodi. VAT ya mitambo inaweza kuahirishwa tayari kwa sheria iliyopo. Andiko lielekeze tu jinsi ya kuiomba kabla meli haijafika, kwa sababu baada ya mzigo kushuka inakuwa kesi.

Maji pia: uoshaji unatumia mita za ujazo 2 hadi 3 kwa tani hata ukizungusha maji, nayo yanatoka na kostiki, gundi na sukari ya soda. Mtambo wa majitaka uwe ndani ya michoro inayopelekwa NEMC, baraza la mazingira, tangu siku ya kwanza. Ukiongezwa baadaye hukosa kiwanja.

---

Mtaimbo_wa_Uzi (mleta mada)

Hapa nimepata andiko jipya kabisa. Swali la mwisho: serikali ikijifunga kununua sare na blanketi za ndani, mkataba uandikwe vipi ili usije ukajazwa na kitambaa kilichoagizwa na kubadilishwa lebo?

---

Spindeli_30

Andika vipimo vya kitambaa pamoja na njia ya kukifuatilia. Kwa sare: mchanganyiko 65 kwa 35 wenye kosa lisilozidi asilimia 3, uzito wa gramu kwa mita ya mraba, idadi ya nyuzi kwa sentimita pande zote mbili, rangi isichuje baada ya kufuliwa kwa nyuzi joto 60. Kisha udai kumbukumbu za spindeli: kilo za nyuzinyuzi zilizoingia, kilo za uzi uliotoka, yuniti za umeme za mwezi huohuo. Kusokota kunakula umeme mwingi, huwezi kuudanganya. Kiwanda kinachodai tani 10 za uzi kwa siku huku bili yake ya umeme ni ya ghala, kimeagiza.

Na kabla ya kusaini chochote, lete kontena moja la futi 40 la denieri 1.4 kwa milimita 38, tani 20 na ushee, ligawe kwa viwanda viwili au vitatu vilivyokubali, kila kimoja kisokote, kifume, kitie rangi. Ndani ya mwezi utajua nani ana mtambo wa hewa unaofanya kazi na nani hana chombo cha nyuzi joto 130. Orodha hiyo ndiyo mwekezaji wa nyuzinyuzi atakayoiomba kwanza.